Nanchaku hairuki na abiria, inaruka na mizigo

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Kwenye mikeka ya mazoezi ya hapa Tanga, kuanzia Makorora hadi Chumbageni, inazunguka kauli kwamba mwenye cheti cha mkanda mweusi na barua ya klabu anaruhusiwa kuingia ndegeni na vifaa vyake, kwa kuwa yeye ni mwanamichezo. Si kweli. Kauli hiyo inawagharimu vijana fimbo na sai (vyuma vya mkononi vyenye ncha tatu) walizodunduliza fedha kwa miezi kuzinunua.

Afisa anayekaa kwenye mashine ya eksirei hapimi tabia ya abiria, anapima kitu. Marekani, Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya zote zimevitaja vifaa vya sanaa za mapigano waziwazi katika orodha ya vitu visivyoingia na abiria, na viwanja vya ndege kwingineko vinafuata mkondo huohuo. Nanchaku (vijiti viwili vilivyoungwa kwa kamba au mnyororo), tonfa (rungu lenye mpini wa pembeni), sai, kama (mundu wa mapigano), bo (fimbo ndefu), jo (fimbo fupi kuliko bo), bokuto (upanga wa mbao), nyota za kurusha, hata kile kijiti cha kujihami ambacho baadhi ya walimu hukifunga kwenye funguo za nyumba, vyote mahali pake ni tumboni mwa ndege. Cha mpira, cha sponji na cha mbao ni kilekile. Kisu cha mpira cha kufundishia kujilinda kinafanana na kisu, na kufanana huko kunatosha kukizuia. Mzee anayetembelea bakora huachiwa aingie nayo ikishakaguliwa, kwa sababu ni mguu wake wa tatu. Kijana wa miaka 20 anayeruka sarakasi hawezi kuidai haki hiyo kwa fimbo ya kirumbizi, na bakora yenye upanga ndani haipiti kwa mzee wala kwa kijana.

Kwa hiyo kazi yote inafanyika nyumbani, siku mbili kabla ya safari. Mwaga vifaa vyote sakafuni ugawe mafungu matatu: la mkononi, la kukabidhi kaunta, na la kubaki Tanga. Wengi hulisahau hili la tatu, nalo ndilo tutaanza nalo.

Ngumi za chuma zibaki. Ni haramu katika nchi nyingi hata zikiwa ndani ya begi lililokabidhiwa. Nanchaku nayo, licha ya kwamba inaruhusiwa tumboni mwa ndege, usiende nayo Ujerumani wala Kanada, maana kule kuimiliki tu ni kosa. Usitegemee kwamba unapita tu kubadilisha ndege. Anayeingia Marekani huchukua begi lake kwenye uwanja wa kwanza wa kuingilia, akapita nalo forodha, kisha akalikabidhi upya, hata kama tiketi inaendelea mbele. Begi likishafika mkononi mwako, sheria ya nchi ile inakuhusu. Kabla ya kufunga kitu, soma sheria ya silaha ya kila nchi ambayo utagusa begi lako, siyo ya mwisho wa safari peke yake.

Kopo la dawa ya kupuliza ya kupoza maumivu libaki pia. Mengi yana gesi inayowaka, na yenye alama ya moto ndani ya pembenne nyekundu usijaribu kuyapitisha mkononi wala kaunta. Pakiti za kemikali zinazopata baridi ukizivunja nazo zina utata wake. Barafu inapatikana kila mji wenye mashindano, na kitambaa cha kuifungia utakuwa nacho. Vizito vya miguuni vilivyojazwa mchanga au chembe za chuma huonekana kwenye skrini kama bonge jeusi lisilopenyeka, na kila bonge jeusi linafunguliwa. Humo ndani hamna kitu ambacho huwezi kukipata kwa kuruka kamba hotelini.

Tuje kwenye fimbo, maana hapo ndipo penye hesabu. Mashirika mengi hupima begi kwa kujumlisha urefu, upana na kimo, na kikomo cha kawaida ni sentimita 158. Uzito wa daraja la kawaida mara nyingi ni kilo 23 kwa begi, na begi moja halizidi kilo 32 hata ukilipia, kwa ajili ya migongo ya wapakiaji. Jo ina sentimita 128. Ukiiweka ndani ya bomba la plastiki la inchi 4, lile la maji taka linalouzwa madukani kwa vifaa vya ujenzi, upana wa bomba ni sentimita 11 na kimo 11. Bomba la sentimita 134 linakupa jumla ya 156. Linapita, kwa sentimita mbili. Shinai (upanga wa mianzi) ya mtu mzima, yenye urefu usiozidi sentimita 120, inapita kwa raha, na bokuto ya sentimita 102 hata hukumbuki kuipima. Bo ndiyo mtihani. Ina sentimita 182, bomba lake linataka 190, na jumla inafika 212. Hapo umeshatoka kwenye mzigo wa kawaida na kuingia kwenye mzigo wa ukubwa wa ziada, ambao huombwa na kulipiwa mapema kama kifaa cha michezo. Piga simu kwa shirika wiki moja kabla, omba jibu kwa maandishi, lichapishe. Mhudumu wa kaunta ana haki ya kukukatalia kitu ambacho hakimo kwenye kompyuta yake.

Kuna bo zinazofunguliwa vipande viwili au vitatu kwa skrubu ya shaba. Zinamaliza tatizo la urefu ila haziingii mkononi. Baadhi ya walimu hawazipendi kwa sababu kiungo kinalegea na fimbo inaanza kulia katikati ya kata, yaani ule mfululizo wa mapigo uliopangwa. Kwa safari ya maonyesho zinatosha, kwa mashindano ya kupiga kwa nguvu tungesita.

Bomba lenyewe linatengenezwa hivi. Nunua la mita 6. Linatoa vipande vitatu vya sentimita 190, na sentimita 30 zinabaki za kuhifadhia nanchaku. Kata kwa msumeno wa chuma, kisha sugua kingo kwa msasa, kwa kuwa kingo kali hukwangua ncha za fimbo. Mwisho mmoja gundisha kifuniko moja kwa moja. Mwisho wa pili weka kifuniko bila gundi, ukizungushe kwa selotepu pana mara tatu. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanagundisha pande zote mbili wakidhani wanaongeza usalama. Mkaguzi akitaka kuona kilichomo na asipate pa kufungulia, atakata, au ataliacha bomba nyuma na ndege itaondoka. Mwache afungue, na ndani mwekee selotepu yako iliyobaki ili apate ya kufungia. Ndani ya bomba, kila fimbo ivikwe soksi ndefu kuukuu au kipande cha kanga, na kila mwisho uachwe sentimita 4 za kujaza vitambaa. Kinachovunja fimbo ni kuchezacheza ndani ya bomba, mizigo ya juu haina shida. Bomba la inchi 4 linabeba bo saba za unene wa milimita 28 bila kubanana. Lenyewe lina takribani kilo 3 na kila bo ya mwaloni ina kama kilo moja, hivyo timu ya watu saba inasafiri na mzigo mmoja wa kilo 10. Jina, simu na mji andika juu ya plastiki yenyewe kwa kalamu ya maka. Tagi ya karatasi kwenye kitu cha mviringo haina maisha marefu.

Mafundi wetu wanachonga bo nzuri za mninga, na wapo wanaochonga za mpingo kwa wateja wanaotaka uzito. Za mpingo ziache nyumbani. Mpingo umo kwenye mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini tangu mwaka 2017. Vitu vilivyokamilika vina msamaha wa hadi kilo 10 kwa shehena, lakini kumweleza hilo afisa forodha usiku wa manane, fimbo nyeusi ikiwa mezani, ni kazi ambayo hujaitafuta. Australia na New Zealand wanataka utangaze mbao na mianzi yote unayoingiza, shinai ikiwemo, na wasione ganda wala tundu la mdudu. Tangaza tu. Anayetangaza huangaliwa na kuachiwa, anayeficha hutozwa faini.

Vyuma. Jozi ya sai inakaribia kilo moja na nusu, na ncha zake hutoboa begi, na zikishatoboa zinangoja mkono wa mpakiaji. Kata vipande vya mpira wa kumwagilia bustani, sentimita 5 kila kimoja, uvisukume kwenye ncha zote sita. Kisha zifunge pamoja, ncha ya moja ikitazama mpini wa mwenzake, na uzilaze katikati ya begi, siyo pembeni. Kama, ndugu yake mundu wetu, ivalishwe ala ya makaratasi magumu mara nne na selotepu juu, hata ikiwa butu. Upanga wa iaido (sanaa ya kuchomoa upanga) wa aloi, usionolewa, hauonyeshi kwenye skrini kwamba haukati. Unaonekana upanga. Uende kwenye boksi gumu, ndani ya bomba au begi refu, na karatasi ya maelezo juu yake.

Hali ya hewa ya Tanga ina chumvi, na chuma kinaota kutu ndani ya siku mbili begini. Wajapani hupaka panga zao mafuta yaitwayo choji, na choji maana yake ni karafuu, hii hii ya Pemba, matone machache ndani ya mafuta mepesi ya madini. Usisafiri na chupa. Paka nyumbani, futa mpaka chuma kibaki kinateleza tu, kisha funga kitambaa kilekile chenye mafuta kuzunguka chuma. Kwa wiki mbili kinatosha.

Sasa fungu la mkononi, ambalo kwa maoni yetu ndilo linaloamua kama utapigana au utakaa jukwaani. Begi la kaunta linaweza kuchelewa siku moja. Mashindano hayakusubiri. Kwa hiyo seti moja kamili ya kuingilia ulingoni ikae mkononi: gi (nguo ya kupigania), mikanda miwili, mwekundu na wa bluu, kwa wa karate, glovu laini, kinga ya meno ndani ya kisanduku chake, kinga ya kinena, leseni, kitabu cha madaraja na cheti cha daktari. Kikomo cha begi la mkononi kwa mashirika mengi ni kilo 7. Gi nyingi za karate hazizidi kilo moja na nusu, unabaki na nafasi. Judoka, yaani mchezaji wa judo, ana kazi zaidi, anatakiwa nyeupe na bluu, na kila moja ni zaidi ya kilo mbili. Achukue zote mbili mkononi na nguo za kawaida azipeleke kaunta, hata akifika na suruali moja. Kinga za miguu na kofia zinaruhusiwa mara nyingi ila zinakula nafasi. Dawa ya kuchua iwe kwenye chupa isiyozidi mililita 100, ndani ya kifuko angavu cha lita moja. Mkasi wa kukatia tepu upeleke kaunta: Ulaya inaruhusu makali yasiyozidi sentimita 6, Marekani ina kikomo tofauti, na hakuna aliyewahi kushinda ubishi wa mkasi.

Kwa taekwondo kuna hogu (kinga ya kifua) ya elektroniki. Soksi zenye vihisio hazina betri na hazina tatizo. Vifaa vya kurusha ishara na betri zake za lithiamu za akiba viende mkononi, kila betri ikiwa imefunikwa ncha kwa selotepu. Pawabenki ni hivyo hivyo, haishuki tumboni kamwe. Kikomo bila kuomba kibali ni watt-saa 100. Pawabenki ya mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni watt-saa 74, inaingia. Ambayo maandishi yake yamefutika inaweza kuzuiwa, kwa hiyo usiibandike stika za klabu. Hogu yenyewe usiikunje kwenye vihisio. Ilaze bapa chini ya begi, na kofia ijazwe soksi ndani, usisafirishe hewa.

Tunaotoka Tanga tuna tatizo ambalo wa Dar es Salaam hawalijui. Ndege nyingi zinazotua hapa ni ndogo, za abiria kumi na ushee, na mara nyingi zinataka kilo 15 kwa begi laini. Bomba la sentimita 190 halikunjiki, na nafasi ya mizigo chini ya ndege hizo imegawanywa vyumba vifupi. Rubani ndiye mwamuzi, na akisema hapana ni hapana. Uliza siku moja kabla kwa kutaja sentimita, usiseme "fimbo ndefu kidogo". Ikishindikana, fimbo ziende kwa basi kutoka stendi ya Kange, na mtu wa timu asafiri nazo. Ziwekwe kwenye buti, zikiegemea ukuta, kufuata urefu wa gari. Utingo asipoelekezwa atazilaza chini, na Muheza watapakia magunia ya machungwa juu yake. Bomba litahimili. Begi la kitambaa halihimili.

Tena tazama tiketi. Kama ya Tanga hadi Dar es Salaam na ya kwenda ng'ambo zimekatwa mbalimbali, begi lako halivuki lenyewe. Utalichukua na kulipeleka jengo la tatu, na kutoka jengo la kwanza zinakotua ndege ndogo si mwendo wa kubeba bomba begani. Weka muda wa saa tano kati ya safari hizo mbili, siyo wa saa mbili.

Uwanjani ukaguzi wa kwanza uko mlangoni, kabla ya kaunta, na hapo mabegi yote yanapita eksirei, hata ya kukabidhi. Kwenye skrini mbao na nguo hutoka rangi ya machungwa, chuma hutoka bluu. Jozi ya sai chini ya gi tatu zilizorundikwa ni doa la bluu lenye ncha ndani ya wingu la machungwa. Afisa gani hatafungua? Wala usinune. Sema mapema, kabla mkanda haujavuta begi: "Hili ni la kaunta, ndani kuna vifaa vya michezo, sai mbili na fimbo." Juu kabisa ya begi uwe umeweka karatasi yenye orodha kwa Kiswahili na Kiingereza, na nakala ya kibali cha Baraza la Michezo la Taifa ikiwa ni timu inayokwenda nje. Barua hizo hazikupi haki ya kuingia nacho. Kazi yake ni kumwonyesha afisa kwamba begi hili lina mwenyewe na safari ina sababu. Kwenye orodha andika majina ya vifaa kama yalivyo, na "vya mazoezi" ikiwa ni vya mazoezi. Neno silaha usiliandike, wala usiseme ni fimbo ya kutembelea. Kufuli iwe ya namba na namba yake umtajie, na huduma ya kuvingirisha begi kwa plastiki iache mpaka ukaguzi wa mlango huo uishe.

Ukisahau kitu mkononi na kikaonekana kwenye ukaguzi wa ndani, una njia tatu. Kurudi kaunta kama bado iko wazi, na nyingi hufungwa saa moja kabla ya ndege kuruka. Kumkabidhi msindikizaji, ndiyo maana aambiwe asiondoke uwanjani mpaka umpigie simu ukiwa ndani. Au kukiacha, na kikiachwa hakirudi. Kubishana siyo njia ya nne.

Kurudi kuna shida yake: gi mbichi. Ya judo ikilowa jasho inaongeza uzito, begi la kilo 22 linavuka 23, na ukifika Tanga lina ukungu. Ianike usiku wa mwisho hata juu ya kiti. Usiifungie kwenye mfuko wa rambo: mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na jirani zetu Kenya walitangulia mwaka 2017. Kanga kuukuu inafanya kazi hiyo na inapitisha hewa. Ukiwa na vifaa vya thamani, kama seti ya hogu za elektroniki, waombe forodha wagonge muhuri orodha yake wakati wa kutoka, yenye namba za kila kifaa, ili usidaiwe ushuru wakati wa kuingia kana kwamba umevinunua nje.

Begi lisipotokea kwenye mkanda, usitoke ukumbini. Dai fomu ya taarifa ya mzigo papo hapo, uandike "vifaa vya mashindano" na tarehe ya pambano. Kwa safari za kimataifa, mkataba wa Montreal unakupa siku 7 za kulalamika kwa maandishi kuhusu begi lililoharibika, na siku 21 kuhusu lililochelewa, zikihesabiwa tangu ulipolipokea. Picha za vifaa vyako vyote vikiwa sakafuni, zilizopigwa usiku ule wa kugawa mafungu, ndizo ushahidi wako. Kwa hiyo kabla ya kufunga zipu, toa simu upige.

Wenu,
Wakufunzi wa karate na kobudo,
Ngamiani, Tanga